Kompyuta Inapokatakata Mtandao: Jinsi ya Kujua Kama Kadi Ndiyo Mbovu

Ijumaa moja alasiri, siku ya mwisho ya kutuma maombi ya basari, kompyuta nambari nne katika kituo kimoja cha TEHAMA hapa kwetu Pwani ilipoteza mtandao kwa mara ya sita tangu asubuhi. Mama aliyekuwa ameketi hapo na bintiye wa kidato cha tatu alitazama fomu ikipotea kwenye kioo.

“Mwanangu, hii ni mara ya tatu najaza jina la mtoto huyu,” alimwambia kijana anayehudumu kituoni.

“Samahani mama, hebu tuhamie mashine ile ya pale,” alijibu kijana.

Fomu ilipita saa kumi na dakika arobaini jioni, dakika ishirini kabla ya muda kufungwa. Binti huyo alibahatika. Si kila mwombaji huwa na mashine ya pili karibu, wala dakika ishirini za ziada.

Kabla ya siku hiyo, kituo kilikuwa kimenunua data ya ziada, kimeipigia simu kampuni inayokisambazia intaneti zaidi ya mara moja, na hata kuandika pendekezo la kununua kompyuta mpya. Hakuna aliyekuwa ameichunguza kadi ya mtandao ya mashine hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi huo unavyofanywa, hatua kwa hatua, kwenye kompyuta zinazotumia Linux. Mfumo huu hutumika katika vituo vya umma, shule na saiba nyingi kwa sababu hauna ada ya leseni na hufanya kazi vizuri hata kwenye mashine zilizotumika kwingine. Anayesimamia kompyuta za shule, chama cha akiba au biashara yake anaweza kuzifuata hatua hizi mwenyewe.

KADI YA MTANDAO NI NINI?

Kadi ya mtandao ni kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mashine nyingine. Katika kompyuta nyingi za mezani imejengwa ndani ya bodi kuu, na unachokiona kwa nje ni tundu la mraba la kuchomekea kebo, pamoja na vijitaa viwili vidogo. Nyingine huchomekwa kwenye nafasi maalumu ndani ya kasha, au kwenye tundu la USB. Kadi ya Wi-Fi hufanya kazi hiyo hiyo kwa mawimbi ya redio.

Kila unachotuma hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo paketi. Kadi huvipeleka kwenye kebo, kebo huvifikisha kwenye swichi ya mtandao, swichi huvipeleka kwa ruta, na ruta huvitoa nje hadi kwa kampuni ya intaneti. Kipande kikiharibika njiani, kompyuta hulazimika kukituma upya. Vikiharibika vichache, utaona ukurasa unachelewa tu. Vikiharibika vingi, fomu inakwama katikati.

Kadi iliyokufa kabisa haimsumbui fundi: haiwaki, inabadilishwa. Inayosumbua ni ile inayofanya kazi asubuhi na kukataa mchana, kwa sababu kila mtu hutafuta mchawi wake. Mmoja husema ni kampuni, mwingine husema ni virusi, wa tatu husema mashine imezeeka.

ANZA NA SWALI MOJA: NI MASHINE MOJA AU ZOTE?

Swali hili linaokoa muda kuliko kifaa chochote. Mtandao ukipotea kwenye mashine zote kwa wakati mmoja, kadi haina kosa. Angalia ruta, swichi na umeme, kisha uipigie simu kampuni. Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi: Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Kenya na nchi jirani baada ya nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, kupata hitilafu. Siku kama hiyo, kufungua kasha la kompyuta ni kazi bure.

Lakini mashine moja ikikata huku jirani yake aliye kwenye swichi hiyo hiyo akiendelea na kazi, kampuni haina lawama na data ya ziada haitasaidia. Tatizo liko kati ya mashine hiyo na swichi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nambari nne.

HATUA ZA KUCHUNGUZA

Fungua dirisha la amri. Amri tutakazotumia hapa, isipokuwa pale tutakaposema, husoma tu hali ya mashine bila kubadilisha chochote.

1. Fahamu jina la kadi

Andika:

ip -br link

Utaona orodha fupi. Kadi ya kebo huwa na jina kama eth0 au enp3s0, na ya Wi-Fi huanza na herufi wl. Iitwayo lo si kadi halisi. Ni njia ya kompyuta kuzungumza na nafsi yake. Katika mifano ifuatayo tutatumia enp3s0. Wewe weka jina la kadi yako.

2. Pima njia fupi kwanza

Watu wengi hupima mtandao kwa kufungua tovuti. Kipimo hicho kinachanganya kadi, kebo, ruta, kampuni na tovuti yenyewe. Pima kwanza umbali wa hadi ruta tu. Andika “ip route” uone nambari inayofuata maneno “default via”. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Ikiwa ni 192.168.1.1, andika:

ping -c 100 192.168.1.1

Kompyuta itatuma paketi 100, moja kila sekunde, kisha ikueleze ngapi zimepotea. Kwa kebo nzima ndani ya jengo moja, upotevu unapaswa kuwa asilimia 0. Zikipotea kadhaa katika safari ya mita chache, una tatizo ndani ya chumba. Isipopotea hata moja, lakini tovuti hazifunguki, tatizo liko mbele ya ruta au katika huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa nambari.

Rudia kipimo wakati mashine ina kazi nzito, mfano inapopakua faili kubwa. Kuna kasoro zisizojitokeza mpaka kadi ielemewe.

3. Soma hesabu ya makosa

Kompyuta huweka daftari la kila paketi. Lisome hivi:

ip -s link show enp3s0

Safu ya RX ni ya zilizoingia na ya TX ni ya zilizotoka. Chini ya neno “errors” ni idadi ya zilizofika zimeharibika au zilizoshindwa kutoka. Chini ya “dropped” ni zile zilizofika salama lakini mfumo ukaziacha. Chache za namna hii ni jambo la kawaida. Chini ya “carrier”, ikiwa nambari inapanda, shuku muunganisho wa kebo.

Nambari moja peke yake haitoshi kutoa hukumu, kwa maana huenda makosa hayo yalitokea juzi kebo ilipochomolewa. Soma, subiri dakika kumi watu wakiendelea na kazi, kisha soma tena. Makosa yakibaki pale pale, ni ya zamani. Yakipanda, ugonjwa upo na unaendelea. Kwenye nambari nne yalipanda kila yaliposomwa.

4. Uliza kasi waliyokubaliana

Kebo inapochomekwa, kadi na swichi hupatana kasi ya kuzungumza. Andika:

sudo ethtool enp3s0

Tafuta mistari ya “Speed”, “Duplex” na “Link detected”. Kadi nyingi za kisasa na swichi za kisasa hupatana megabiti 1000 kwa sekunde. Ukiona 100 wakati mashine za jirani, zenye kadi za aina moja na yako, zinaonyesha 1000, hicho ni kidokezo kikubwa. Ndani ya kebo kuna nyaya nane, yaani jozi nne. Kasi ya 1000 huhitaji jozi zote nne. Kasi ya 100 hutosheka na mbili. Uzi mmoja ukikatika au pini moja ikikosa kugusa, kadi nyingi hushuka hadi 100 na kuendelea kimyakimya kama gari la mizigo lililobaki na gia ya pili.

Mstari wa “Duplex” unapaswa kusomeka “Full”. Ukisomeka “Half”, huenda upande mmoja umewekewa kasi kwa mkono na mwingine umeachwa ujichagulie. Matokeo yake ni mtandao unaojibu vizuri kwa kazi ndogo na kukwama kwa kazi kubwa. Tiba ni kuacha pande zote mbili zipatane zenyewe.

5. Soma kumbukumbu za mfumo

Andika:

sudo dmesg -T | grep enp3s0

Mfumo utakuonyesha matukio ya kadi hiyo pamoja na saa yalipotokea. Maneno “Link is Down” yakifuatwa na “Link is Up”, tena na tena, yanamaanisha kadi inapoteza swichi na kuipata upya, kana kwamba kuna mtu anayechomoa kebo na kuirudisha. Linganisha saa hizo na maisha ya ofisi. Zikilingana na kukatika kwa umeme, shughulika na umeme. Zikianza adhuhuri joto linapopanda, shuku vumbi na kipupurushani cha ndani kilichokwama. Zikitokea mtu anapopitisha miguu chini ya meza, jibu unalo.

6. Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Hapa ndipo wengi hukosea. Hubadilisha kebo, tundu na mipangilio kwa pamoja. Mtandao ukitulia hawajui ni kipi kilichoponya, na ukirudi kukata wanaanza upya.

Chukua kebo ya mashine nzima uitie kwenye mashine mbovu, na ile yake uipeleke kwa nzima. Tatizo likihama na kebo, umempata mkosaji, na bei yake ni shilingi mia chache tu. Lisipohama, rudisha kebo mahali pake na ubadilishane matundu kwenye swichi. Lisipohama tena, lililobaki ni kadi yenyewe au programu inayoiendesha. Kumbuka pia kwamba kebo ya kawaida ya mtandao, kutoka kifaa hadi kifaa, haipaswi kuzidi mita 100.

Nambari nne ilipewa kebo ya jirani, kisha tundu la jirani. Iliendelea kukata. Jirani hakukata hata mara moja.

7. Chunguza programu inayoiendesha kadi

Programu hiyo huitwa draiva. Andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye neno “Ethernet”. Chini yake utaona kadi imetengenezwa na nani na draiva ipi inatumika. Ikiwa shida ilianza mara tu baada ya kusasisha mfumo, iwashe mashine upya na uchague kerneli ya awali kwenye orodha inayotokea mwanzoni. Mifumo kama Ubuntu huhifadhi kerneli ya zamani kwa ajili hiyo. Mtandao ukitulia, kadi ni nzima, draiva mpya ndiyo inayogombana nayo.

Jambo lingine ni kuokoa umeme. Kadi nyingi hulala kidogo zisipokuwa na kazi, na baadhi huchelewa kuamka. Kwa kadi ya kebo jaribu:

sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off

Kwa kadi ya Wi-Fi, ikiwa jina lake ni wlan0:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Hizi mbili hubadilisha mpangilio, ila ukizima na kuwasha kompyuta hurejea zilivyokuwa, kwa hiyo kujaribu hakudhuru. Kadi nyingine hazina uwezo wa kwanza. Zitakuambia hivyo na hakuna kitakachoharibika.

KILICHOPATIKANA KWENYE NAMBARI NNE

Kerneli ya awali haikusaidia, wala kuzima uokoaji wa umeme. Mashine ilizimwa, waya wa umeme ukachomolewa, na fundi akamulika tochi ndani ya tundu la kebo. Pini mbili kati ya nane zilikuwa na kutu ya kijani. Meza hiyo iko karibu na dirisha linaloelekea baharini, na hewa ya chumvi ilikuwa imeingia humo kwa miaka. Hapo ndipo kila kidokezo kilipoeleweka: kasi ya 100 badala ya 1000, makosa yanayopanda, na kadi kupoteza swichi kila meza ilipotikiswa.

Pini zilisafishwa kwa spiriti na brashi laini. Mtandao ulitulia siku mbili, kisha ukaanza kukata tena, kwa kuwa kutu ilikuwa imekula madini yenyewe. Kwa kuwa kadi hiyo imejengwa kwenye bodi kuu, kuibandua kungegharimu zaidi ya thamani yake. Kituo kilinunua kadi ndogo ya USB, kikaichomeka, na mfumo ukaitambua bila kuongezewa programu yoyote. Ping ya paketi 100 haikupoteza hata moja. Meza ilisogezwa mbali na dirisha, na pendekezo la kununua kompyuta mpya likawekwa kando.

TAHADHARI

Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme kabla ya kufungua kasha. Gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli wa mwilini, unaoweza kuunguza vijenzi vidogo.

Msimu wa mvua, radi ikianza, chomoa waya wa umeme na pia kebo ya mtandao. Wengi huchomoa umeme pekee na kusahau kwamba nguvu ya radi hupita pia kwenye kebo inayotoka nje ya jengo. Usiziguse nyaya radi ikiwa tayari iko juu yenu.

Usinakili amri yenye neno sudo uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Neno hilo humpa mwandishi wa amri mamlaka yote juu ya mashine. Vilevile usipakue draiva kutoka kwa tovuti usiyoijua. Tumia hazina rasmi ya mfumo wako.

Kwenye mashine za vituo vya umma, wakazi wanaombwa kutofungua kasha wala kubadilisha mipangilio. Mjulishe mhudumu.

UKIRIPOTI, RIPOTI HIVI

Kusema “mtandao ni mbaya” humwacha fundi aanze sifuri. Mpe mambo matano: nambari ya mashine, saa ilipokata, ikiwa mashine za jirani zilikata pia, vijitaa vya tundu la kebo vilikuwa vinawaka au vimezimika, na ulikuwa ukifanya nini. Kwa wasimamizi wa shule na vikundi, ongezeni matokeo ya ping na hesabu ya makosa iliyosomwa mara mbili. Daftari la kawaida lenye safu za mambo hayo, likiwekwa karibu na mashine, litaonyesha baada ya wiki moja kile ambacho mabishano ya mwezi mzima hayaonyeshi.

Kwa wanaotuma maombi ya basari, kazi au leseni, ushauri ni ule ule wa siku zote: usingoje siku ya mwisho. Andika majibu yako kwanza kwenye karatasi au uyahifadhi kwenye fleshi, ili mtandao ukikata usianze upya. Usiondoke kabla ya kuona nambari ya kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa, na uinakili. Ikiwa mashine uliyokalia inakatakata, omba kuhamishiwa nyingine mara moja. Ni haki yako, na mhudumu atashukuru kujulishwa mapema.

Wakazi wenye maswali kuhusu kompyuta za vituo vya umma wanakaribishwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi yao siku za kazi.